Benzi kuukuu mkononi mwa mmiliki wa nne: Nani hulipa gharama Jinja na Mbale?

Kila Jumamosi barabara kuu za Jinja na Mbale hupitiwa na misafara ya harusi. Gari linalotangulia, lililofungwa utepe na kupambwa kwa maua, mara nyingi ni Mercedes-Benz ambalo pengine limekwisha kuishi miaka mingi kuliko wasimamizi wadogo wa bibi harusi. Linang'aa, linatembea bila kelele, na walio kando ya njia hugeuza shingo kulitazama. Jumatatu inayofuata, gari la aina hiyo hiyo huweza kuonekana chini ya mwembe, boneti likiwa wazi, fundi ameinama juu ya injini na mwenye gari amesimama pembeni akihesabu noti.

Picha hizo mbili ni za gari moja. Katika miji ya mashariki mwa Uganda, gari la kifahari lililokwisha kutembea kilomita laki mbili au zaidi sasa hupatikana kwa bei inayokaribiana na ya gari dogo la Kijapani lenye umri mdogo. Kwa mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa kahawa au mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hii ni nafasi ambayo baba yake hakuiota. Lakini bei ya kulinunua gari hilo ni sehemu tu ya gharama yake. Sehemu iliyobaki hujitokeza polepole, na kwa kawaida humwangukia mtu wa mwisho kulimiliki, ambaye ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi wa kuibeba.

Kutoka kwa wabenzi hadi kwa mwananchi

Katika miaka ya 1960, mataifa ya Afrika Mashariki yalipokuwa machanga, lugha ya Kiswahili ilizaa neno "wabenzi". Lilikuwa jina la kejeli kwa kabila jipya lisilo na eneo wala mila, kabila la wakubwa waliotambulika kwa gari walilopanda. Nchini Uganda neno jingine la Kiswahili lilifuata. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, maduka na viwanda vyao vilikabidhiwa watu wengine, na miji ya biashara kama Jinja na Mbale ilikuwa miongoni mwa iliyoguswa sana. Waliotajirika ghafla kwa mali hiyo waliitwa "mafuta mingi".

Tangu enzi hizo, nyota yenye ncha tatu iliyo mbele ya boneti imebeba maana kubwa kuliko chuma kilichoitengeneza. Inasema kwamba aliyeketi ndani amefika. Ndiyo maana gari hilo hukodishwa kwa harusi, na ndiyo maana mnunuzi huvumilia kasoro ambazo asingezivumilia katika Toyota Premio au Toyota Wish.

Kuna pia sababu zisizohusu fahari. Gari la daraja hilo lilitengenezwa likiwa na mifuko ya hewa kadhaa, breki zenye nguvu, viti visivyochosha mgongo na bodi iliyojengwa kustahimili mgongano. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara kwenye barabara ya Kampala hadi Jinja, akipishana na malori ya mizigo na matrekta ya miwa, hoja ya usalama ni ya kweli. Swali ni kama usalama huo bado upo baada ya miaka 20 na wamiliki wanne.

Sheria ya 2018 na ghala lililofungwa

Kuelewa hali ya soko la leo ni lazima kurejea mwaka 2018. Kabla ya hapo, Uganda haikuwa na ukomo wa umri wa gari linaloingizwa nchini. Gari kuukuu lilizuiwa kwa kodi ya mazingira tu. Marekebisho ya Sheria ya Usafiri na Usalama Barabarani ya mwaka huo yalipiga marufuku uingizaji wa magari yaliyofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa. Jirani Kenya ilikuwa imeweka ukomo mkali zaidi, wa miaka minane.

Hatua ya Uganda ilikuwa na sababu nzito. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, iliyotolewa mwaka 2020, ilionesha kuwa magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje na Japani, Umoja wa Ulaya na Marekani kati ya mwaka 2015 na 2018, na asilimia 80 yake yalikwenda katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Afrika ilikuwa mpokeaji mkubwa kuliko mabara yote.

Hata hivyo, sheria ya 2018 ilitazama mlango wa nyumba, si sebule. Ilizuia gari jipya la kizamani kuingia, lakini haikusema lolote juu ya yale yaliyokuwa ndani tayari. Hesabu rahisi inaonesha matokeo yake. Mercedes-Benz za daraja la E, toleo linalojulikana na mafundi kama W211, zilitengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2009. Kufikia mwaka 2025, hata lile la mwisho kutoka kiwandani limepita umri wa kuruhusiwa mpakani. Ndivyo ilivyo kwa Land Rover Discovery 3 ya mwaka 2004 hadi 2009 na kwa Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 100, ambayo uzalishaji wake ulikoma mwaka 2007.

Maana yake ni kwamba kila gari la matoleo hayo linaloingia sokoni Jinja au Mbale kihalali limekuwa Uganda kwa miaka kadhaa. Limekwisha kukanyaga mashimo, limekwisha kutiwa mafuta ya kila aina na limekwisha kupita mikononi mwa mafundi kadhaa. Ghala limefungwa. Idadi ya magari hayo haiongezeki, bali hupungua kila moja linapopata ajali au kukatwa vipande kuwa vipuri vya mengine.

Njia ya gari hilo ndani ya nchi nayo inafanana mara kwa mara. Mmiliki wa kwanza huwa mkazi wa Kampala mwenye kipato kizuri, aliyeliagiza Japani au Uingereza. Taa za onyo zinapoanza kuwaka, huliuza. Wa pili hulitengeneza kidogo na kuliuza. Kila hatua bei hushuka, na gari husogea mbali zaidi na mji mkuu, yaani mbali zaidi na vipuri, na mbali zaidi na fundi mwenye vifaa. Linapofika Mbale, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala, gari limekuwa rahisi kulinunua mahali ambapo ni vigumu kulitunza.

Bei mbili za gari moja

Anayeagiza gari moja kwa moja kutoka nje hukutana na bei ya kwanza mpakani. Ushuru wa forodha ni asilimia 25 ya thamani ya gari pamoja na bima na usafirishaji. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 6 na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Kwa mfano, gari ambalo mamlaka ya mapato, URA, imelithamini kwa dola 6,000 hudaiwa ushuru wa dola 1,500, kodi ya ongezeko la thamani ya dola 1,350, kodi ya zuio dola 360 na tozo dola 90. Jumla ni dola 3,300, kabla ya kugusa kodi ya mazingira kwa magari yaliyozeeka. Aidha, thamani inayotumika kukokotoa si lazima iwe ile iliyoandikwa kwenye risiti ya mnunuzi, kwa sababu URA ina orodha yake ya bei elekezi.

Anayenunua gari lililokwisha kusajiliwa nchini huepuka mzigo huo. Hapo ndipo mvuto ulipo, na ndipo mtego unapoanza. Bei ya mtumba hushuka kwa sababu soko linajua kwamba matengenezo makubwa yamekaribia. Kwa maneno mengine, punguzo analopata mnunuzi ni deni la matengenezo lililoahirishwa na wamiliki waliotangulia.

Mafuta ni hesabu nyingine. Safari ya kwenda na kurudi kati ya Jinja na Mbale kupitia Tirinyi ni takriban kilomita 300. Gari lenye injini ya silinda sita, likitumia lita 12 kwa kila kilomita 100, humaliza lita 36. Kwa bei ya shilingi 5,000 kwa lita, hizo ni shilingi 180,000. Gari dogo la silinda nne linalotumia lita saba kwa kilomita 100 lingehitaji lita 21, yaani shilingi 105,000. Tofauti ya shilingi 75,000 kwa safari moja, ikirudiwa kila wiki, inakaribia shilingi milioni nne kwa mwaka.

Wakazi wa mashariki wanakumbuka pia jinsi hesabu hiyo inavyoweza kupinduka. Januari 2022, mgomo wa madereva wa malori kuhusu vipimo vya Covid-19 katika mipaka ya Malaba na Busia ulikwamisha mafuta, na bei ya lita moja ya petroli katika baadhi ya maeneo ilipanda hadi shilingi 10,000 na zaidi. Wenye injini kubwa ndio waliokuwa wa kwanza kuegesha magari nyumbani.

Kompyuta zilizojificha

Magari ya kifahari ya miaka ya 1980 yalijengwa kwa namna ambayo fundi mwenye spana na sikio zuri angeweza kuyatibu. Yale ya miaka ya 2000 ni tofauti. Breki, giaboksi, mfumo wa hewa unaobeba bodi, viti na hata kufuli za milango huongozwa na kompyuta ndogo zinazowasiliana. Kifaa kimoja kikinyamaza, vingine hukataa kufanya kazi.

Mfano unaojulikana duniani ni mfumo wa breki uliowekwa katika W211 za mwanzo. Badala ya kutegemea nguvu ya mguu peke yake, pampu ya umeme ndiyo iliyosukuma mafuta ya breki, na kifaa chake kilikuwa na kihesabio cha mara breki zilivyokanyagwa. Kikifika ukomo, taa nyekundu huwaka na kifaa kinatakiwa kubadilishwa. Mwaka 2004 kampuni iliyolitengeneza iliyaita magari 680,000 duniani kwa ajili ya marekebisho ya mfumo huo, na mwaka 2006 ikauondoa kwenye daraja la E. Gari lililotengenezwa kabla ya hapo linaweza kufika Mbale leo kihesabio kikiwa karibu na mwisho, na mnunuzi asijue hata kama kifaa hicho kipo.

Mfumo wa hewa nao unafundisha somo la gharama. Badala ya springi za chuma, baadhi ya Mercedes, Range Rover na Land Rover hubebwa na mifuko ya mpira iliyojazwa hewa na kompresa. Mpira huzeeka na kupasuka nyufa. Mfuko unapovuja, kompresa hulazimika kufanya kazi bila kupumzika mpaka iungue. Mwenye gari aliyekataa kubadilisha mfuko mmoja hujikuta akinunua mfuko na kompresa. Dalili yake ni rahisi kuiona: gari lililolala usiku kucha huamka upande mmoja umezama.

Injini zenyewe hazikosi siri. Baadhi ya injini za Mercedes zenye silinda sita za mwanzo, zilizoundwa kati ya mwaka 2004 na 2008 hivi, zilikuwa na gia ya ndani iliyolika mapema, na kuibadilisha kunahitaji injini nzima ishushwe. Katika BMW nyingi za miaka hiyo, sehemu za plastiki za mfumo wa kupoza injini hukakamaa na kupasuka kwa joto. Hapo desturi ya kujaza maji ya bomba kwenye rejeta badala ya maji maalumu ya kupozea huongeza kutu, na injini inayochemka mara moja tu inaweza kuunguza gasketi ya silinda hedi.

Fundi wa pembezoni mwa barabara mara nyingi huwa na kifaa kidogo cha kusoma hitilafu, cha bei nafuu. Kifaa hicho kwa kawaida husoma makosa ya injini yanayofanana kwa magari yote. Hakiwezi kuzungumza na kompyuta ya breki au ya mfumo wa hewa, ambazo hutumia lugha ya kiwanda husika. Matokeo ni kubahatisha: kipuri hubadilishwa, taa haizimiki, kipuri kingine hununuliwa. Kila jaribio hulipwa na mwenye gari, na wengi hulipa mara tatu kabla ya tatizo halisi kuonekana.

Barabara, joto na mafuriko

Mazingira ya mashariki yana madai yake. Barabara ya Jinja kwenda mipakani ni sehemu ya ushoroba mkuu wa mizigo kutoka Mombasa, na uzito wa malori huichakaza. Tairi pana lenye ubavu mfupi, ambalo ndilo pambo la gari la kifahari, halina mpira wa kutosha kumeza pigo la shimo. Pigo hilo huishia kwenye rimu, bushi na mikono ya usukani. Kutoka Mbale kupanda Kapchorwa, breki na giaboksi hupimwa kwa miteremko mirefu ya Mlima Elgon.

Mbale ina hatari nyingine. Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na kuua watu zaidi ya 20. Maji ya namna hiyo hayaharibu nyumba peke yake. Katika magari mengi ya Kijerumani, baadhi ya kompyuta na maunganisho ya nyaya hukaa chini ya zulia au chini ya viti. Gari lililozama likikaushwa na kusafishwa huweza kung'aa tena ndani ya wiki moja, lakini nyaya zake huendelea kuoza kimyakimya kwa miezi. Mnunuzi makini huinua zulia na kunusa kabla ya kuulizia bei.

Fundi wa mashariki

Itakuwa kosa kumlaumu fundi. Jinja ilikuwa mji wa viwanda tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, na ujuzi wa kuchomelea, kuchonga chuma na kufufua mashine umerithishwa huko kwa vizazi. Gereji pia ni miongoni mwa mahali ambapo Kiswahili kimeishi kwa muda mrefu mashariki mwa Uganda, kikiwaunganisha Msoga, Mgisu, Mteso na dereva kutoka Kenya. Fundi huyo anaweza kuchonga bushi isiyopatikana dukani, na anaweza kulifanya gari litembee lilipokwama porini.

Anachokosa ni nyenzo za kizazi kipya: mashine za uchunguzi, michoro ya nyaya na mafunzo ya umeme wa magari. Kipuri kikihitajika, husubiri basi kutoka Kampala, ambako soko la Kisekka limejulikana kwa miongo kadhaa kwa vipuri vilivyotumika. Kipuri kilichong'olewa kutoka gari jingine hakina dhamana, na fundi aliyekifunga hawezi kueleza kitadumu muda gani.

Taasisi za kuziba pengo hilo zipo. Mbale ina chuo cha serikali cha ufundi cha Elgon. Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwanda ilianzisha cheti kiitwacho Worker's PAS, kinachompima mtu kwa kazi anayoijua hata kama hakukaa darasani. Jinja, kwa upande wake, ndiyo makao ya kiwanda cha Kiira Motors, kilichojengwa Kagogwa kwa ajili ya mabasi, yakiwamo ya umeme. Ni taswira ya kushangaza: katika mji mmoja, serikali inawekeza kwenye gari la kesho, wakati mafundi wengi wanapambana na kompyuta za gari la juzi bila msaada. Ilhali ujuzi unaohitajika kwa yote mawili una shina moja, yaani umeme, vihisio na programu. Kumfundisha fundi wa Benzi kuukuu leo ni kuandaa fundi wa basi la umeme wa kesho.

Ukaguzi ambao haukudumu

Suala hili linavuka mfuko wa mmiliki. Polisi ya Uganda iliandika vifo 5,144 vya ajali za barabarani mwaka 2024. Sababu kuu zinazotajwa ni makosa ya madereva, hasa mwendo kasi na kupita magari mengine bila uangalifu. Hata hivyo, gari zito lenye injini kubwa na breki zilizotiwa kiraka hugeuza kosa dogo kuwa msiba, na wanaokuwa karibu nalo mara nyingi ni abiria wa bodaboda na watembea kwa miguu.

Uganda ilijaribu kuliangalia hilo. Serikali iliingia mkataba na kampuni ya SGS wa kukagua magari kwa lazima, na vituo vilianza kazi. Lakini umma ulilalamikia gharama na namna mkataba ulivyopatikana, na mwaka 2017 Bunge likataka mpango huo usitishwe. Tangu hapo mwenye gari binafsi hajalazimika kulipeleka kwenye mtambo kila mwaka kama ilivyokusudiwa.

Katika nchi yanakotoka magari hayo hali ni kinyume. Nchini Japani gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na gharama za kulipitisha ni sababu mojawapo ya Wajapani kuyauza mapema. Nchini Uingereza ukaguzi ni wa kila mwaka baada ya mwaka wa tatu. Kwa hiyo gari hulindwa na ukaguzi likiwa changa, kisha likizeeka huhamia mahali ambapo hakuna anayelitazama. Uganda imechagua kupima umri wa gari mpakani. Kupima hali yake barabarani ni kazi ambayo bado inasubiri, na itakubalika tu endapo ada yake itakuwa nafuu na mkataba wake wazi.

Mnunuzi afanye nini?

Wakati sera zikisubiriwa, mnunuzi ana kinga kadhaa. Ya kwanza ni karatasi. Jina lililo kwenye kitabu cha usajili lilingane na la muuzaji, na namba ya chasi iliyoandikwa ilingane na iliyo kwenye chuma. Magari mengi hutumika kama dhamana ya mikopo. Tangu sheria ya mwaka 2019 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, kuna daftari la kielektroniki chini ya ofisi ya usajili, URSB, ambamo inawezekana kuchunguza kama gari limewekwa rehani. Kwa wakazi wa karibu na mpaka, gari la bei ya kutupa lenye namba za kigeni si la mnunuzi mpaka lipite forodha, na likiwa na miaka 15 halitapita.

Ya pili ni kilomita. Mita inaweza kurudishwa nyuma, kwa hiyo kanyagio la breki lililolika na ngozi ya usukani iliyong'aa ni mashahidi bora kuliko namba. Gari lililotoka Uingereza huhesabu maili. Mita inayosoma 120,000 ina maana ya takriban kilomita 193,000. Historia ya ukaguzi wa magari ya Uingereza, pamoja na usomaji wa mita wa kila mwaka, husomwa bure mtandaoni na yeyote mwenye namba ya zamani ya gari hilo.

Ya tatu ni uchunguzi kabla ya malipo. Injini iwashwe ikiwa baridi, asubuhi, mbele ya mnunuzi. Taa zote za onyo ziwake ufunguo unapozungushwa na kuzimika injini inaponguruma. Taa isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa kuficha ugonjwa. Gari lipelekwe kwa fundi asiye rafiki wa muuzaji, mwenye mashine inayosoma mifumo yote, hata kama ni safari ya kwenda Kampala. Ada ya siku moja ni ndogo kuliko bei ya giaboksi.

Ya nne ni akiba. Anayetumia fedha zake zote kununua gari la namna hii amenunua nusu ya gari. Ni busara kubakiza angalau thuluthi ya bei kwa mwaka wa kwanza, na kuanza na breki, tairi, mfumo wa kupoza injini na oili zote, kabla ya rangi, rimu na redio. Kwa wenye biashara ya kukodisha kwa harusi, hesabu inaweza kulipa, kwa kuwa gari hutembea kidogo na huingiza fedha. Kwa anayelihitaji kila siku kwenda kazini na shambani, mara nyingi gari dogo litamwachia ada ya shule.

Wahenga walisema rahisi hugharimu. Kwa Benzi la mmiliki wa nne, gharama hiyo haikuanzia kwake: ilianzia kwa aliyeahirisha matengenezo Kampala, ikapita kwenye sheria iliyotazama umri ikasahau hali, na kwa fundi aliyeachwa bila mashine. Mnunuzi wa Jinja au Mbale ndiye anayeipokea hati ya malipo. Akiisoma kabla ya kutia saini, huenda gari hilo likampeleka mbali. Asipoisoma, atakutana nayo Jumatatu, chini ya mwembe.